"Unasali Wapi?": Mizani ya Ibada ya Ana kwa Ana na Ibada ya Mtandaoni katika Makanisa ya Afrika Mashariki Wakati wa UVIKO-19

Ikisiri

Janga la UVIKO-19 liliyalazimu makanisa ya Afrika Mashariki kuamua, mara nyingi kwa siku chache tu, ni sehemu gani ya ibada inayoweza kupelekwa mtandaoni na ni ipi isiyoweza kuondolewa mahali pake. Makala hii inaeleza jinsi uamuzi huo ulivyofanyika nchini Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania kati ya mwaka 2020 na 2021. Inatumia lugha ya ibada, hususan vionyeshi vya mahali, maamkizi ya kupokezana na kitenzi "kushiriki", kama ushahidi wa namna waumini walivyoielewa hali hiyo. Inadai kwamba kundi lililozuiwa kuingia kanisani lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, ndilo lile lile ambalo mtandao haukulifikia, na kwamba suala hili ni la kisera kabla halijawa la kiteolojia.

Istilahi muhimu: ibada mseto, mahali, ushirika, hadhira, sera ya mawasiliano

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania, anayetaka kujua dhehebu au usharika wa mwenzake humwuliza, "Unasali wapi?" Haulizi mwenzake anaamini nini, wala anamfuata mchungaji gani. Anauliza mahali, na jibu huwa jina la mahali: "Nasali Azania Front," au "Nasali Msimbazi." Nchini Kenya swali la kawaida ni "Unaenda kanisa gani?" Hapa kiulizi si cha mahali, lakini kitenzi ni cha mwendo. Maswali yote mawili yanachukulia kwamba ibada ina anwani, na kwamba mwumini huondoka nyumbani kwake kuifuata.

Mwezi Machi 2020 swali hilo lilikosa jibu kwa mamilioni ya watu. Waliendelea kusali, lakini hawakuwa na "wapi" ya kutaja. Kuna waliosali sebuleni mbele ya runinga, waliosali jikoni redio ikiwa juu ya kabati, na waliosali kitandani wakiwa na simu mkononi. Makanisa nayo yalitakiwa kueleza iwapo huko nako ni kanisani, na kama ndivyo, ni kanisani kwa kiwango gani.

Wataalamu wa dini na mawasiliano wamelishughulikia jambo hili kwa miaka mingi. Christopher Helland alipendekeza mwaka 2000 tofauti kati ya hali ambapo taasisi ya dini hutumia mtandao kutoa habari zake, na hali ambapo tendo la kidini lenyewe hufanyika mtandaoni. Kiswahili kinaibeba tofauti hiyo kwa wepesi: "dini mtandaoni" na "dini ya mtandaoni". Kabla ya 2020 makanisa mengi ya ukanda wetu yalikuwa katika hali ya kwanza, yakiwa na ukurasa wa Facebook wa kutangaza semina na harambee. Katika muda wa wiki moja au mbili yalisukumwa kuingia katika hali ya pili, mengine yakiwa na simu moja iliyoegemezwa kwenye mimbari.

Mifano ya lugha iliyomo humu ni ile inayosikika kwa yeyote anayefuatilia ibada za Kiswahili zinazorushwa mubashara. Sikukusudia kuihesabu. Nimekusudia kuieleza.

2.0 Amri za serikali na nafasi iliyoachiwa makanisa

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na kufikia tarehe 22 mwezi huo mikusanyiko ya ibada ilikuwa imesimamishwa nchi nzima. Rwanda ilifunga nyumba za ibada tarehe 14 Machi, siku ile ile ilipothibitisha mgonjwa wa kwanza. Nchini Uganda Rais Museveni alisimamisha ibada za pamoja tarehe 18 Machi kwa siku 32, siku tatu kabla ya ugonjwa kuthibitishwa nchini humo. Katika nchi hizi tatu makanisa hayakuulizwa kama yangependa kwenda mtandaoni. Uamuzi wao ulihusu namna ya kwenda tu.

Tanzania ilifuata njia nyingine. Shule na vyuo vilifungwa, lakini makanisa na misikiti iliachwa wazi, na Rais Magufuli aliwahimiza wananchi kuendelea kusali. Siku tatu za maombi ya kitaifa zilitangazwa, tarehe 17 hadi 19 Aprili 2020. Takwimu za kitaifa za maambukizi zilikoma kutolewa muda mfupi baadaye zikiwa na wagonjwa 509 na vifo 21 kwa Tanzania Bara na Visiwani. Kwa hiyo askofu wa Tanzania aliyetaka kupunguza mkusanyiko alilazimika kuamua mwenyewe, bila amri ya serikali ya kumkinga na bila takwimu za kumwongoza. Wako waliofanya hivyo: Jimbo Katoliki la Rulenge-Ngara lilisimamisha misa za hadhara kwa muda. Wengi walichagua njia ya katikati, yaani kuongeza idadi ya ibada ili kila moja iwe na watu wachache, kuweka ndoo za maji tiririka na sabuni mlangoni, kuondoa maji ya baraka kwenye vyombo vya pamoja, na kubadili kupeana mikono wakati wa kutakiana amani kuwa kuinamishiana vichwa. Mwezi Januari 2021, wakati mamlaka za nchi zilikuwa bado hazijakiri wimbi jipya, Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania lilitoa waraka wa kuwatahadharisha waumini. Naona waraka ule ni moja ya nyaraka muhimu za afya ya umma zilizoandikwa kwa Kiswahili katika kipindi hicho, ingawa haukuandikwa na daktari.

Ufunguzi ulikuja kwa hatua. Kenya iliruhusu ibada kuanzia Julai 2020, kwa masharti yaliyoandaliwa na Baraza la Dini Mbalimbali chini ya Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri: watu wasiozidi 100, muda usiozidi saa moja, umri usiopungua miaka 13 wala kuzidi 58, na shule za Jumapili na madrasa kubaki zimefungwa. Uganda ilifungua mwezi Septemba 2020 kwa watu wasiozidi 70, ikafunga tena Juni 2021, kisha ikafungua Septemba 2021 kwa watu 200. Kenya nayo ilisimamisha tena ibada za ana kwa ana katika kaunti tano, Nairobi ikiwemo, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei mosi 2021. Ni kufunga na kufungua huku kulikozaa ibada mseto. Kanisa ambalo limefungwa mara moja tu linaweza kuchukulia mtandao kuwa mwavuli wa mvua ya siku moja. Kanisa lililofungwa mara mbili hununua kamera.

3.0 Kilichohama na kilichokataa kuhama

Mahubiri yalihama kwa urahisi kuliko kitu kingine chochote, na sababu yake ni ya kihistoria. Masikio ya Wakristo wa Afrika Mashariki yalikwisha kuzoea neno linalotoka kwenye kisanduku. Sauti ya Injili, kituo kilichorusha matangazo yake kutoka Addis Ababa kuanzia 1963 hadi kilipotaifishwa 1977, ilikuwa na vipindi vya Kiswahili vilivyotayarishwa Moshi, na baadaye Radio Maria na vituo vya madhehebu mengine vikaeneza rozari, mafundisho na misa hadi vijijini. Kwa maana hiyo, familia nyingi zilizofuatilia ibada mwaka 2020 kwa njia ya redio hazikuwa zikianza jambo jipya. Mjadala unaoanzia kwenye Zoom na YouTube unasahau nusu ya historia.

Sakramenti zilikataa kuhama, angalau kwa Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri walio wengi. Msimamo wa Vatikani ulikuwa umeandikwa tangu 2002, katika waraka juu ya Kanisa na intaneti: kwamba hakuna sakramenti za mtandaoni, na kwamba uhalisia wa kimtandao haushiki nafasi ya jumuiya ya watu wa damu na nyama. Kilichobaki ni komunyo ya kiroho, sala ya kutamani kupokea pale ambapo mtu hawezi kupokea. Tarehe 27 Machi 2020 Papa Fransisko alisali peke yake katika uwanja mtupu wa Mt. Petro, mvua ikinyesha, na dunia ikamtazama kwenye skrini. Wiki tatu baadaye, katika misa ya asubuhi iliyokuwa ikirushwa kila siku, yeye huyo huyo alionya kwamba ukaribu na Mungu usio na watu wala sakramenti una hatari yake. Katika makanisa kadhaa ya Kipentekoste jibu lilikuwa tofauti: mchungaji aliwaambia waumini watayarishe mkate na maji ya zabibu nyumbani, akavibariki kwa njia ya skrini, nao wakala na kunywa. Msomaji anaweza kuiona tofauti hiyo kuwa ya kimafundisho tu. Hata hivyo inaonekana pia katika majina. Aliyezoea "Komunyo" alisikia neno linalotaja kitu anachopokea kutoka mkononi mwa padri. Aliyezoea "Meza ya Bwana" alikuwa na meza nyumbani kwake.

Uimbaji ulikuwa na tatizo la pekee. Mwezi Machi 2020, katika mazoezi ya kwaya moja ya Jimbo la Washington, Marekani, watu 61 walihudhuria na 53 kati yao wakaugua au kuhesabiwa kuwa huenda waliugua, wawili walifariki. Tangu hapo wataalamu wa afya waliuona uimbaji wa pamoja katika chumba kilichofungwa kuwa moja ya matendo ya hatari zaidi. Kwa makanisa yetu, ambako usharika mmoja unaweza kuwa na kwaya ya vijana, ya akina mama, ya uinjilisti na ya watoto, pigo hilo liligusa moyo wa ibada. Mtandao nao haukusaidia, kwa kuwa sauti huchelewa njiani: watu kumi hawawezi kuimba kwa mpigo mmoja kila mmoja akiwa kwake. Ibada ya mtandaoni ikawa na waimbaji wachache mbele ya kamera na wasikilizaji wengi waliofungiwa vipaza sauti. Walioathirika kidogo kwa upande huu ni wale ambao hawakuwahi kujifungia ndani: baadhi ya makanisa ya Kiafrika yaliyojitenga, kama yale ya Roho magharibi mwa Kenya, yana desturi ya kuabudu chini ya miti na barabarani. Wakati wataalamu walipoanza kuhimiza hewa ya wazi, watu hawa walikuwa nayo tangu mababu zao. Sijaona mwongozo wa kiserikali uliowatumia kama mfano.

Sadaka ndiyo iliyohama kwa namna inayofundisha zaidi. Njia ilikuwa tayari: M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na huduma kama hiyo zikafuata Tanzania na Uganda. Katikati ya Machi 2020 Safaricom iliondoa ada kwa miamala ya mtu kwa mtu isiyozidi shilingi 1,000, nafuu iliyoendelea hadi mwisho wa mwaka. Kanisa kubwa lenye nambari ya malipo ya taasisi halikuwa mlengwa wa nafuu hiyo. Kanisa dogo ambalo sadaka yake hutumwa kwenye simu ya mhazini lilinufaika, na labda kwa mara ya kwanza sera ya kampuni ya simu ikawa na uzito katika bajeti ya mtaa wa kanisa.

Lakini si kila sadaka ni fedha. Katika sharika nyingi za Kilutheri za kaskazini na kaskazini-magharibi mwa Tanzania, mwumini asiye na fedha huleta mkungu wa ndizi, mayai, kuku au debe la mahindi. Baada ya ibada hufanyika mnada nje ya kanisa, wenye fedha hununua, na mapato huingia katika hazina ya usharika. Mnada huo ni sadaka mara mbili: ya aliyeleta na ya aliyenunua kwa bei ya juu kuliko ya sokoni. Pia ni mahali pa utani, habari za misiba na kuulizana hali. Hakuna programu ya simu inayopokea kuku. Pale ibada ilipopunguzwa au kuhamishwa, mjane mwenye migomba alipoteza njia yake ya kutoa, na kwa mtazamo wa kanisa hilo kutoa ni sehemu ya kuabudu, si ada ya kiingilio.

4.0 Lugha ya ibada yenye hadhira mbili

Kiswahili humlazimisha msemaji kuchagua kati ya pa-, ku- na mu- kila anapotaja mahali. "Kanisani hapa" ni mahali bayana, panapoonekana. "Kanisani humu" ni ndani. "Huko" ni mbali au pasipo dhahiri. Mhubiri wa kawaida hakuwa na haja ya kufikiri juu ya jambo hili, kwani yeye na wasikilizaji wake walikuwa mahali pamoja. Mhubiri wa ibada mseto anasema, "Mlio hapa na mlioko huko mtandaoni," na kwa sentensi hiyo amekwisha kuwapanga waumini wake katika duara mbili, ya ndani na ya nje. Wengine husema "mlioungana nasi", ambapo "nasi" ni kundi lililokwisha kuwapo na msikilizaji ni mgeni aliyekuja kujiunga nalo. Wachache husema "sisi sote, popote tulipo". Kirai hiki cha mwisho hutumia pa- ya mahali bayana kwa watu walio mahali pengi, na kisarufi kinafanya kazi ambayo teolojia ya ibada mseto imekuwa ikiitafuta.

Vitenzi vina daraja pia. Ukisikiliza matangazo utakuta "mnaotutazama", "mnaotufuatilia", "mnaoshiriki nasi" na, mara chache, "mnaoabudu pamoja nasi". Kutazama ni kazi ya jicho, na ndicho kitenzi tunachotumia kwa mpira na tamthilia. Kufuatilia ni kuwa nyuma ya jambo linaloongozwa na mwingine. Kushiriki ni kuwa na fungu. Nadharia ya Allan Bell (1984) juu ya mtindo na hadhira inasema kwamba msemaji huunda usemi wake kwa kumlenga zaidi msemeshwa, kisha msikilizaji anayetambuliwa, kisha msikiaji tu aliyepo, na mwisho mdukizi asiyejulikana kuwa yupo. Ibada ya mtandaoni inawachanganya hawa wanne. Mwumini aliye Muscat ni msemeshwa au ni msikiaji? Jibu limo katika kitenzi ambacho mhubiri anakichagua.

Kitenzi "kushiriki" kinastahili aya yake. Kwa Waanglikana wengi "Ushirika Mtakatifu" ndilo jina la sakramenti yenyewe, na "kushiriki" ni kuipokea. Katika Kiswahili cha mitandao, hata hivyo, kitufe cha kusambazia video huandikwa "Shiriki" katika programu kadhaa. Matokeo yake ni kwamba mwongozaji wa ibada anaweza kusema, "Tafadhali shiriki ibada hii," akimaanisha isambaze kwa marafiki zako, na bibi mmoja akaelewa kwamba anaalikwa kupokea. Tafsiri hiyo ya kitufe ni dhaifu. "Sambaza" lilikuwapo na lingetosha. Nalitaja si kwa ajili ya kuwarekebisha wahandisi, bali kwa kuwa linaonyesha jinsi istilahi iliyotafsiriwa haraka inavyoweza kuingia hadi madhabahuni. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa "umbali wa kijamii", tafsiri iliyowataka watu watengane kijamii wakati kilichohitajika kitabibu ni miili isikaribiane tu. Viongozi wa dini waliopendelea kusema "kutokaribiana" walikuwa na sikio zuri la lugha, na pia la imani yao. Kwa upande mwingine, "barakoa" ilienea kwa kasi, na "UVIKO-19", iliyotumiwa rasmi Tanzania, ilizoeleka huko ingawa Kenya ilibaki na "Korona" na "KOVID".

Maamkizi ya kupokezana yalipata mshtuko wa aina yake. "Tumsifu Yesu Kristo!" haijakamilika mpaka ijibiwe "Milele, amina." "Bwana asifiwe!" inadai "Amina" ya kwao. Katika ibada zilizorushwa kutoka makanisa matupu mwaka 2020, mhubiri aliamkia, akanyamaza sekunde moja au mbili kwa mazoea, kisha akaendelea. Kimya kile kilikuwa nafasi ya watu wasiokuwapo. Baadaye jibu lilirudi kwa sura nyingine, chini ya video, neno "Amina" likiandikwa mara mia likiambatana na majina ya mahali: Eldoret, Mwanza, Doha, Minneapolis. Kwa hiyo swali la "wapi" lilirejea lenyewe, bila kuulizwa. Mwumini wa mtandaoni hutaja alipo ili ahesabiwe kuwapo.

Majina kama Doha na Muscat yanahitaji uzito wake. Wapo Wakenya na Waganda wengi wanaofanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Saudia hairuhusu ibada ya hadhara ya wasio Waislamu, na hata Oman na Qatar, ambako makanisa yapo katika maeneo yaliyotengwa, mfanyakazi asiye na siku ya mapumziko hafiki huko. Kwa mtu huyu ibada ya mtandaoni haikuwa mbadala wa ibada ya ana kwa ana wakati wa janga. Ilikuwa ibada pekee aliyoipata kwa lugha yake, na pale makanisa yalipofunguliwa na kamera zikazimwa, yeye ndiye aliyefungiwa nje. Mjadala wa mizani unaofanyika Nairobi au Kampala haumtaji mara kwa mara.

5.0 Waliobaki nje ya milango miwili

Sensa ya Kenya ya 2019, iliyofanywa miezi michache kabla ya janga, ilionyesha kwamba asilimia 22.6 ya watu wenye umri wa miaka 3 na zaidi walikuwa wakitumia intaneti, na asilimia 47.3 walimiliki simu ya mkononi. Kwa upande wa kaya, asilimia 56.9 zilikuwa na redio na asilimia 40.7 zilikuwa na runinga inayofanya kazi. Takwimu hizi zikiwekwa kando ya masharti ya Julai 2020, tatizo linaonekana. Waliozuiwa kuingia kanisani ni wenye zaidi ya miaka 58 na watoto chini ya miaka 13. Mzee wa kijijini ndiye mwenye uwezekano mdogo zaidi wa kuwa na simu ya intaneti, na mtoto hutegemea simu ya mzazi, ambayo Jumapili asubuhi imekwenda kanisani na mzazi wake. Sharti la umri lilikuwa na sababu nzuri ya kitabibu. Hata hivyo lilitungwa kana kwamba mlango wa pili uko wazi kwa kila mtu.

Kilichowafikia hao ni redio na jumuiya ndogo ndogo. Maaskofu wa AMECEA walizifanya jumuiya hizo kipaumbele cha kichungaji tangu miaka ya 1970, kwa sababu ambazo hazikuhusu magonjwa. Kaya kumi au kumi na tano zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao kila wiki ni kundi linaloweza kukaa uani, kwa nafasi, na ambalo linajua nani anaumwa. Pale sheria iliporuhusu mikutano midogo, jumuiya zilikuwa za kwanza kurudi. Pale ilipokataza, mwenyekiti wa jumuiya ndiye aliyepiga simu. Kati ya ukumbi wa watu elfu moja na skrini ya mtu mmoja kulikuwa na ua huo wa jumuiya, na kwa maoni yangu mazungumzo ya "ana kwa ana au mtandaoni" yameuficha.

Mahujaji wa Namugongo wanatoa mfano wa upande mwingine. Kila tarehe 3 Juni umati mkubwa hukusanyika huko kuwakumbuka Mashahidi wa Uganda, wengi wakiwa wametembea kwa siku kadhaa, baadhi yao kutoka Kenya na Tanzania. Mwaka 2020 hija ilifutwa na adhimisho likafanywa na watu wachache mbele ya kamera. Watu waliitazama misa. Lakini misa ilikuwa mwisho wa hija tu. Hija yenyewe ilikuwa miguu. Hakuna aliyedai kwamba hija ilihamia mtandaoni, na naona ukweli huo wa kimyakimya ulikuwa wa afya kuliko tangazo lolote.

6.0 Masuala kwa watunga sera

Ibada ikishategemea mtandao, sera ya mtandao inakuwa sera ya ibada, iwe imekusudiwa au la. Uganda ilitoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii tangu Julai 2018, na Julai 2021 ikaibadilisha kwa kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Mabadiliko hayo yalianza wakati makanisa yamefungwa kwa mara ya pili. Mwezi Januari 2021, wakati wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini humo kwa siku kadhaa, na Facebook ikaendelea kuzuiwa hata baada ya huduma nyingine kurejea. Makanisa yaliyokuwa yamejenga usharika wao juu ya jukwaa hilo yalijikuta yakiwaelekeza waumini kwingine. Tanzania, kwa upande wake, ilikuwa na Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018, zilizofuatwa na kanuni mpya za 2020, zinazowataka watoa maudhui wa aina mbalimbali kupata leseni. Mshauri wa wizara anayeandaa mpango wa dharura wa afya angefaa kuuliza mapema: siku tutakapowaambia watu wasalie nyumbani, gharama na sheria za mawasiliano zitawaruhusu kufanya hivyo?

Faragha ni suala la pili, na halijapewa uzito. Katika ibada ya ana kwa ana, mwumini anaposimama na kuomba aombewe kwa kutaja ugonjwa wake au ndoa yake, maneno hayo hubaki kati ya watu wanaomfahamu. Katika ibada inayorushwa, ushuhuda huo hurekodiwa na kubaki mtandaoni kwa yeyote anayetafuta. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya na ile ya Uganda, zote za 2019, zinahesabu imani kuwa taarifa nyeti, na Tanzania ilitunga sheria yake mwaka 2022. Ni makanisa machache yanayozima kamera wakati wa maombi ya mtu mmoja mmoja. Kufanya hivyo hakuhitaji fedha wala mtaalamu.

Suala la tatu linahusu kumbukumbu za uanachama. Katika parokia nyingi za Kikatoliki za Tanzania, mwumini anayetaka kubatiza mtoto, kufunga ndoa au kuzika hutakiwa kuwa na barua au uthibitisho wa jumuiya yake kwamba anahudhuria na anatoa zaka. Familia iliyokaa nyumbani mwaka mzima kwa hofu ya ugonjwa, ikisali kwa redio, inaweza kuonekana katika daftari kama familia iliyoacha kanisa, na jambo hilo hugunduliwa siku ya msiba, wakati ambapo hakuna mtu mwenye nguvu ya kubishana. Neno "kuhudhuria" limo katika miongozo hiyo bila kufafanuliwa, kwa kuwa wakati ilipoandikwa lilikuwa na maana moja tu. Parokia zinazotumia daftari la mahudhurio zingeweza kuanza na safu moja ya ziada kwa wanaosali nyumbani kwa sababu ya ugonjwa, uzee au kazi ya mbali, na mwenyekiti wa jumuiya akaijaza kwa kuwatembelea au kuwapigia simu, si kwa kuhesabu majina yaliyoandikwa chini ya video.